Gemu za mapenzi: neno tamu usimgawie kila mtu

Mtu akimaliza gemu la hadithi ya mapenzi kwa mara ya kwanza akajikuta hana mchumba, mara nyingi kilichomponza ni kimoja: alikuwa mwema kwa wote. Tanga tunasifiwa kwa mahaba, na kuanzia Chumbageni hadi Ngamiani neno tamu halina bei. Kwenye gemu hizi ulimi huo unakugharimu, maana nyuma ya picha nzuri na muziki laini kuna daftari la hesabu.

Kila mhusika unayeweza kumchumbia ana alama zake. Ukichagua jibu linalompendeza anaongezewa moja au mbili, ukimuudhi huenda akapunguziwa, na mara nyingi skrini haikuonyeshi chochote. Sehemu ya mwanzo, ile ya wahusika wote, inaishia kwenye lango: hapo gemu linafungua daftari na kukuingiza kwenye njia ya mtu mmoja. Chukulia kuna wahusika wanne, machaguo kumi yenye alama moja moja, na lango linalotaka alama sita. Ukigawa sawasawa, kila mmoja anaambulia mbili au tatu. Hakuna aliyefika, unapelekwa kwenye mwisho wa upweke. Na kwenye gemu lenye machaguo mengi zaidi, wawili wakifikisha alama za lango pamoja? Programu nyingi hukagua kwa mpangilio alioandika mtengenezaji, kwa hiyo anayekaguliwa kwanza ndiye anayekuchukua, hata kama moyo ulikuwa kwa wa pili.

Raundi ya kwanza cheza upendavyo, bila kutafuta majibu mtandaoni. Kuanzia ya pili, amua ni nani kabla hujaanza, na kwenye kila chaguo jiulize yeye angependa nini, si wewe ungejibu nini. Chaguo la mahali lichukulie kwa uzito kuliko la maneno. Ukiulizwa uende maktaba au ubaki jikoni, kwa kawaida aliyepo huko ndiye anayeongezewa alama, na tukio la mwenzake limeshakupita.

Sasa kusevu, na hapa ndipo muda wa watu unapopotea. Gemu nyingi za watengenezaji wadogo zimejengwa kwa Ren'Py, programu ya bure ya kutengenezea gemu iliyoanza mwaka 2004, hivyo menyu zake zinafanana. Ukurasa wa kusevu kwa kawaida una nafasi sita, na kurasa ziko kadhaa. Ukurasa wa 1 uwe wa sehemu ya pamoja, wa 2 wa mhusika wa kwanza, wa 3 wa mwingine, hivyo hivyo. Sevu machaguo yakiwa bado yanakusubiri kwenye skrini, si baada ya kubonyeza.

Sevu ya thamani kuliko zote ni ya chaguo la kwanza kabisa. Wengi husevu langoni tu. Wakitaka njia nyingine wanaifungua ile sevu, wanajibu kwa upole wote, na gemu linawarudisha kwa mtu yule yule. Halijaharibika. Alama za nyuma zimeshaandikwa, na jibu moja la mwisho haliwezi kuzifuta. Sevu za otomatiki nazo usizitegemee: zinasukumana, mpya ikiingia ya zamani inatoka bila wewe kuulizwa. Zile za haraka, Q.Save, ni vivyo hivyo.

Kurudia sehemu ya mwanzo hakuchoshi ukijua kuruka maandishi uliyokwisha kuyasoma. Shikilia Ctrl, au bonyeza Tab mara moja. Kabla ya hapo ingia kwenye mipangilio, uhakikishe Unseen Text imezimwa, ili mruko usimame wenyewe ukifika maandishi ambayo hujawahi kuyasoma. Ukiiwasha utapita juu ya ungamo la mapenzi ulilolihangaikia saa nne. After Choices iwashe, usiwe unaanzisha mruko upya kila baada ya chaguo.

Tatizo jingine: chaguo limeandikwa maneno matatu, mhusika wako akifungua mdomo anatoa kejeli ambayo hukuitaka. Sogeza gurudumu la mausi juu au bonyeza PageUp, utarudi hadi kwenye chaguo, na alama zinarudi pamoja na maandishi. Baadhi ya watengenezaji wamekizima kipengele hiki kwa makusudi, ndiyo maana sevu haikwepeki. Kama Kiingereza kinakuwia kizito, bonyeza Shift na C: kila sentensi inanakiliwa, unaibandika kwenye programu ya tafsiri. V inasoma kwa sauti, ingawa sauti yenyewe haina mahaba hata chembe.

Kuhusu bando, gemu hizi ni nyepesi ukilinganisha na za mpira, na nyingi zikishapakuliwa hazihitaji intaneti tena. Kwenye itch.io, tovuti ya gemu za watengenezaji wadogo, zipo za bure na zipo za kulipa utakacho. Ukinunua Steam, duka la gemu la mtandaoni, fedha zinarudishwa ukiomba ndani ya siku 14 na ukiwa umecheza chini ya saa mbili. Gemu fupi unaweza kulimaliza ndani ya saa hizo, lakini aliyelitengeneza pengine ni mtu mmoja na kompyuta yake.

Njia unayoitamani zaidi iache mwisho, hasa kama kuna mhusika asiyechumbika ambaye kila mara anapitapita. Watengenezaji hupenda kufunga njia mpaka zilizo wazi zikamilike. Hatoful Boyfriend, lile la kuchumbia njiwa, lina sehemu kubwa ya giza inayofunguka tu baada ya kuzimaliza njia nyingine.

Kwenye gemu za Ren'Py, kumbukumbu ya njia ulizomaliza haikai ndani ya sevu. Iko kwenye faili liitwalo persistent, na kwenye Windows utalikuta AppData, ndani ya folda RenPy. Kompyuta ikiwa ya nyumba nzima na wote mnaingia kwa akaunti moja, kaka akimaliza njia fulani, kwako pia inahesabika imemalizwa. Kwenye simu, ukifuta gemu ili upate nafasi, sevu zote zinakwenda nalo. Kabla ya kufomati kompyuta, nakili folda yote ya RenPy kwenye flashi, kisha uirudishe pale pale kabla ya kulifungua gemu.