Kichanga mwenye kidevu kilichorudi nyuma na tundu la kaakaa: namna ya kumlaza na kumlisha

Dada, mtoto wa mdogo wako, kwa ulivyoeleza (kidevu kimerudi nyuma, kaakaa lina tundu, anakoroma akilazwa chali na kupaliwa akinyonya), anafanana sana na wenye hali ya Pierre Robin, jina la daktari wa Kifaransa aliyeieleza mwaka 1923. Taya ya chini haikukua sawasawa tumboni, ulimi ukakosa nafasi ukabaki juu, pande mbili za kaakaa zikashindwa kukutana. Hayo hutokea hata mimba haijaonekana. Wanaosema mama alikula kitu au alipatwa na jicho wamwache apumzike.

Pumzi kwanza. Akilala chali ulimi huanguka nyuma ukaziba koo. Mlazeni ubavu, au kifudifudi mkiwa macho naye, godoro gumu, bila mto, na daktari awaonyeshe mlalo wa nyumbani. Kifua kikibonyea chini ya mbavu kila anapovuta pumzi, au midomo ikigeuka buluu, mkimbizeni hospitali ya Makadara usiku huohuo, msingoje siku ya kliniki.

Titi peke yake halitamtosha: kaakaa likiwa wazi mdomo hauna nguvu ya kufyonza, atachoka bure. Mama akamue. Baada ya juma la kwanza hesabu ni kama mililita 150 kwa kila kilo kwa siku. Mwenye kilo 3 ni 450, yaani 56 hivi kila baada ya saa 3. Mkalishe wima, umshike kichwa, umtilie kidogokidogo shavuni kwa kijiko. Chupa laini ya kubonyeza ni bora zaidi. Ubonyeze anapofyonza, uache anapovuta pumzi. Msipanue tundu la chuchu ya chupa kwa wembe, maziwa hufurika na ndipo anapopaliwa. Yakitoka puani msitaharuki: mwinueni, mfuteni, endeleeni. Mweke begani abeue mara kwa mara, anameza hewa nyingi. Mlo ukizidi nusu saa anachoma nguvu nyingi kuliko anazopata. Huenda akahitaji kulishwa kwa mpira wa puani kwa muda. Apimwe kila juma, aongeze gramu 140 hadi 210.

Kinachosahaulika ni kwamba wengine huwa pia na kasoro ya macho, masikio au moyo. Ombeni moyo usikilizwe na usikivu upimwe mapema, na macho yaangaliwe na mtaalamu, hasa kama ukoo una watu wa miwani mizito tangu utotoni. Kaakaa hushonwa kwa kawaida kati ya miezi 9 na 18, pumzi na uzito vikiridhisha.