Vipimo viko sawa, mbona ganzi haiishi?

SWALI: Miezi minne sasa vidole vya miguu vinakufa ganzi na misuli ya paja inachezacheza. Nimepima malaria na wingi wa damu, majibu ni safi. Usiku nasoma mtandaoni, silali. Je, nitapooza?
Msomaji, Mbagala

JIBU: Pole sana, ndugu yetu. Hujizushii, vipimo hivyo viwili havichunguzi neva (mishipa ya fahamu). Omba kupimwa sukari, vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo na VVU. Nenda na dawa zako zote: metformin (dawa ya kisukari) ya muda mrefu huweza kushusha B12, na isoniazidi ya kifua kikuu bila vitamini B6 huweza kuleta ganzi. Andika dalili zako kwenye ukurasa mmoja tu (foleni ya kliniki hairuhusu daftari zima): tarehe, sehemu ya mwili, ilidumu dakika ngapi, ulichokuwa ukifanya. Ukifika hospitali ya rufaa Temeke, uliza kama unahitaji barua ya kumwona daktari wa neva Muhimbili.

Misuli kucheza bila kupungukiwa nguvu mara nyingi hutokana na uchovu, kahawa, kukesha au wasiwasi. Acha kujipima nguvu kila saa: msuli huchoka, nawe unadhani ndio ugonjwa. Hofu ikipanda unahema haraka, kabonidioksaidi (hewa tunayoitoa tukipumua) inashuka mwilini, midomo na vidole vinachonyota. Vuta pumzi sekunde 4, itoe kwa 6, dakika 5. Simu ilale chumba kingine.

Lakini uso ukipinda, upande mmoja ukilegea au ulimi ukiwa mzito ghafla, au mkojo ukiziba pamoja na ganzi katikati ya mapaja, usingoje kliniki. Nenda idara ya dharura saa hiyohiyo.