Kwa wewe unayeanza kazi ya mipango miji: linda mguu wa mwananchi

Ndugu yangu uliyeajiriwa majuzi katika ofisi ya mipango, iwe Mbale, Arua, Tororo au mji mdogo wa mpakani kama Busia, utaambiwa mapema kwamba uhamasishe watu wafanye mazoezi. Utapewa fulana na kuitwa kwenye ile siku ya kitaifa ya mazoezi ambayo imekuwa ikiadhimishwa mwezi Julai tangu 2018. Nenda, ukimbie na wenzako. Ila usidhani hapo umeshaifanya kazi.

Mwananchi wa Uganda hana haja ya kufundishwa kutembea. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya utafiti uliohusu nchi 168, na nchi yetu ndiyo iliyokuwa na kiwango cha chini kabisa cha watu wasiojishughulisha na mwili vya kutosha: asilimia 5.5, wakati kwa dunia nzima ilikuwa zaidi ya asilimia 27. Sifa hiyo haikutoka jimu. Imetoka kwenye jembe, kwenye jerikani la maji, kwenye mguu wa kwenda sokoni na shuleni. Mji ukikua, jembe linaachwa na maji yanafika nyumbani, kinachobaki ni ule mguu. Na mtu atapanda boda hata kwa safari ya dakika kumi kama njia ina vumbi, jua kali, lori linalompitia ubavuni na mtaro usiofunikwa. Simlaumu. Kazi yetu ni kuondoa hivyo vinavyomkimbiza barabarani.

Kabla hujafungua kompyuta kuchora chochote, toka. Simama karibu na shule ya msingi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiwa na daftari. Hesabu watoto, kina mama wenye mizigo, baiskeli, wazee wenye mikongojo. Angalia wanapopita, si pale ramani inaposema wapite. Utaona njia ya mkato iliyokanyagwa mpaka majani yamekufa, na mwisho wake mtaro wenye ubao mmoja. Mtoto wa darasa la kwanza anafika pale, anarusha mkoba wake ng'ambo kwanza, anashika mkono wa dada yake, ndipo anavuka. Mvua ikinyesha ubao unateleza na watoto wanazungukia barabara kuu, katikati ya magari. Kalavati moja pale, au bamba la zege lenye vishikio, ina faida kuliko mabango yote ya afya utakayotundika mjini. Iweke ya kwanza kwenye bajeti, na uipiganie.

Njia ya waenda kwa miguu ikiwa chini ya mita 1.5, mama mwenye beseni kichwani hawezi kupishana na mwenzake bila mmoja kushuka barabarani. Omba mita mbili. Kwenye kila kivuko shusha ukingo, na mteremko usizidi mita moja ya kupanda kwa mita 12 za urefu, ili kiti cha magurudumu kipite bila kusukumwa na watu wanne. Halafu zungumza na mwenyekiti wa steji ya boda kabla mchoro haujakamilika. Vijana wale wasipotengewa sehemu yao watasimama juu ya njia yako mpya, na askari hatawaondoa kila siku. Wachuuzi nao ni hivyo hivyo. Ukipata nafasi ya kufika Kampala, tembea Barabara ya Namirembe na Mtaa wa Luwum, uone ilivyo kazi kuwapa kipaumbele waenda kwa miguu na baiskeli katikati ya biashara.

Kuhusu kivuli nakuomba unisikilize sana. Saa nane mchana hakuna anayetembea kwa hiari pasipo mti. Usipande mikaratusi, inakunywa maji mengi na kivuli chake ni chembamba. Panda mwembe, msizi, au mtuba, ule unaotoa nguo za magome. Wazee wanajua kwamba tawi nene la mtuba likisimikwa ardhini mvua za Machi zinapoanza hushika mizizi lenyewe. Lizungushie uzio wa fito, maana mbuzi hawasubiri, na mwombe mwenye duka la mbele alimwagilie maji. Mti usio na mwenyewe haufiki mwaka wa pili.

Viwanja vya wazi vinapotea kimya kimya. Sheria ya mipango ya mwaka 2010 iliifanya nchi nzima kuwa eneo la mipango, lakini uwanja wa mpira usio na hati wala mawe ya mipaka unaweza kuuzwa huku kila mtu akidhani ni wa umma. Mwite mpima ardhi, mwite mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, wakae wazee wanaokumbuka mpaka, kisha fuatilia hati mpaka uishike mkononi. Hii ni kazi ya makaratasi inayochosha, nami naiona kubwa kuliko kupanda maua.

Na kiwanja kikishapona, uliza nani anakitumia. Mara nyingi ni wavulana peke yao. Pima sehemu ya netiboli pembeni, weka benchi chini ya mti, weka taa upande wa njia ya kurudi nyumbani, kwa sababu giza linaingia saa moja na wasichana wengi huitwa nyumbani kabla ya hapo. Waulize wao wenyewe taa ikae wapi. Watakuonyesha kona ambayo wewe hungeifikiria.

Mwaka mmoja baada ya kazi kukamilika, rudi pale pale shuleni, saa ile ile, na daftari lile lile, uhesabu upya. Matokeo yapeleke kwa diwani pamoja na ombi la fedha za kufyeka majani na kubadilisha taa zilizokufa.