Nimeapa Kuacha Sigara, Nikavuta Tena: Kafara, Arosto na Nani wa Kunisaidia

SWALI

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh wetu. Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 41. Navuta sigara tangu ujana, pakiti moja kwa siku, na ya kwanza naiwasha kabla sijanawa uso. Ramadhani nafunga bila tabu, ila nikishafuturu tu naitafuta. Mwaka huu niliapa mbele ya mke wangu: "Wallahi sivuti tena." Nikakaa siku nne. Siku ya tano nikavuta moja barazani, na tangu hapo nimerudi kama zamani. Je, nina kafara? Toba yangu imevunjika? Arosto ikinishika nifanye nini? Na nikimweleza mtu anisaidie, sitakuwa natangaza dhambi yangu?

JIBU

Waalaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Ndugu yetu, tuanze na kiapo, maana hilo ni deni.

Ndiyo, una kafara. Uliapa kwa jina la Allah juu ya jambo la mbele, ukalivunja kwa hiari yako. Surat Al-Maida aya ya 89 imeeleza: kulisha maskini 10, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, asiyepata, afunge siku 3. Wengi wetu hukimbilia kufunga, na hapo ndipo penye kosa, kwa sababu saumu ni ya asiyeweza kulisha. Mtu anayenunua pakiti kila siku ni shida kusema hana. Kwa madhehebu yetu ya Shafii, kila maskini apewe mkononi kibaba kimoja cha nafaka inayoliwa hapa. Wali uliopikwa hautoshi. Ukitoa robo tatu ya kilo ya mchele kwa kila mmoja umetoka kwenye shaka, jumla kilo 7.5. Na wawe watu 10 kweli, asipewe mmoja mara kumi.

Kafara ni moja tu. Kiapo kilivunjika kwa ile sigara ya barazani na kikaishia pale. Zilizofuata hazidai kafara nyingine. Ila usiape tena. Na zaidi ya yote, usije ukasema "nikivuta, mke wangu ameachika." Wapo wanaodhani hiyo ni breki. Katika madhehebu zote nne, talaka iliyofungwa kwenye sharti huanguka sharti likitokea, na mtu aliye katika arosto ya siku ya tatu si wa kuweka ndoa yake rehani.

Hukumu ya sigara yenyewe tutaipita kwa haraka. Tumbaku ilifika nchi za Waislamu karibu na mwaka 1000 Hijria, kwa hiyo hutaikuta kwa jina katika maandiko. Wanazuoni wa wakati ule walihitilafiana: wako walioiharamisha, walioikirihisha na walioihalalisha. Walioihalalisha hawakuwa na ujuzi wa madhara yake tulio nao leo. Sasa yamejulikana, na Allah anasema katika Al-Baqara, aya ya 195, "wala msijitie kwa mikono yenu katika maangamizo," na Mtume (S.A.W.) amesema hakuna kudhuru wala kudhuriana. Kauli tunayoitegemea ni kwamba ni haramu. Wudhu wako hautenguki kwa kuvuta na swala yako inasihi. Lakini kama mla kitunguu saumu ameambiwa ajitenge na msikiti kwa harufu, basi mvutaji asukutue kinywa kabla ya kuingia safu.

Toba ina masharti yake: kuacha, kujuta na kuazimia kutorudi. Ikiwa siku ile uliyaleta kwa ukweli, kuteleza kwako siku ya tano hakuifuti toba ya kwanza. Kunadai toba nyingine. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Lakini hebu tuitazame vizuri hiyo siku ya tano, kwani ndiyo yenye somo. Arosto ya nikotini, yaani mwili kuidai ile kemikali ya tumbaku uliyoizoea, hupanda juu kabisa siku ya pili na ya tatu, kisha hushuka kidogokidogo kwa wiki mbili hadi nne. Maana yake ulikwisha kuvuka kilele. Kilichokuangusha si mwili, ni baraza. Umekaa kwenye mkeka, kikombe cha kahawa chungu kiko mkononi, kashata iko kando, mwenzio anawasha kiberiti, na mkono wako unapanda wenyewe kwenye mfuko wa shati.

Na kahawa yenyewe ilikusaliti. Moshi wa sigara hulifanya ini livunje kafeini haraka. Ukiacha kuvuta, ndani ya siku chache kasi hiyo hupungua, na kahawa uliyoizoea hukaa mwilini karibu mara mbili ya zamani. Vikombe vinne vinakupiga kama vinane: mikono inatetemeka, moyo unakwenda mbio, usingizi haupo. Mtu akihisi hivyo husema "arosto imenizidi," akaiendea sigara, kumbe ni kahawa. Kwa hiyo siku unayoacha sigara, kata kahawa nusu. Usiiache yote kwa mpigo, maana kichwa kitakuuma na utaongeza vita juu ya vita.

Umesema Ramadhani unafunga bila tabu. Hilo ni hazina usiyoijua. Kuanzia alfajiri hadi magharibi ya Tanga ni zaidi ya saa 13 bila kuvuta hata mara moja, na nafsi haikusumbui sana kwa sababu mlango umefungwa na inajua umefungwa. Ukisikia adhana ya magharibi inajua umefunguliwa, hapo ndipo hamu inaporuka. Tumia hilo. Sigara ya mwisho izime usiku wa kuamkia tarehe 13 ya mwezi wa Kiislamu, na ufunge masiku meupe, 13, 14 na 15, ili siku zako tatu ngumu kuliko zote zikukute ndani ya ngome ya saumu. (Mwezi wa Mfunguo Tatu usitumie mpango huu, tarehe 13 yake imo katika siku za tashriki, haifungwi.) Usiku ule usilale kabla hujasafisha: pakiti, kiberiti, kisahani cha majivu, na ile sigara moja ya akiba iliyowekwa juu ya kabati "ya dharura." Kagua na sanduku la spana. Kipisi kimoja kilichosahauliwa chini ya viraka vya tairi kimewarudisha wengi.

Hatari inabaki kati ya magharibi na kulala. Futuru kwa tende na maji, swali magharibi jamaa papo hapo, ule, kisha urudi msikitini mapema usubiri isha. Baraza iache kabisa kwa mwezi mmoja. Katika hadithi ya mtu aliyeua watu 99, mwanachuoni aliyemfungulia mlango wa toba alimwambia pia auhame mji wake, kwa kuwa ulikuwa mji mbaya kwake. Sisi hatukwambii uhame Ngamiani, hama mkeka tu.

Hamu ikija, jua kwamba haidumu. Wimbi moja huchukua dakika tano hivi, na mara chache hufika kumi, uvute usivute. Kazi yako ni kuzipitisha dakika hizo, si kushindana na maisha yako yote. Ondoka mahali ulipo. Ukibaki umekaa utaanza kujadiliana na nafsi, na nafsi ni dalali hodari. Tia wudhu, na kusukutua na kupandisha maji puani usikufanye kwa haraka. Kisha leta tasbihi kwa vidole, Subhanallah 33, Alhamdulillah 33, Allahu Akbar 34, kwa utulivu, na utakuta wimbi limeanza kulegea. Mswaki wa mti ni dawa nzuri kwa sababu unaushughulisha mkono na mdomo kwa pamoja, ila ukiwa umefunga, kwetu Mashafii ni makruhu baada ya jua kupinduka, kwa hiyo utumie asubuhi. Siku usizofunga, maji ya baridi kwa mafunda madogomadogo au karafuu moja mdomoni husaidia. Kwa kazi yako, bila shaka kuna sigara ya "nimemaliza tairi." Ipe nafasi hiyo kitu kingine: ukimaliza baiskeli, nawa mikono kwa sabuni mpaka grisi itoke yote, ndipo ushike nyingine. Mtume (S.A.W.) amesema anayejikaza kusubiri, Allah humsubirisha.

Sasa dawa. Anayewasha sigara ndani ya nusu saa ya kuamka, kama wewe, nikotini imemshika sana, na kutumia msaada wa dawa si udhaifu wa imani. Plasta ya nikotini na bigijii ya nikotini zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009. Kuzitumia kwa matibabu na kwa kupunguza hadi kuacha inafaa, kwani ni kuondoa madhara makubwa kwa kitu chepesi zaidi. Si kila famasia huziweka. Anza kwa kumwona mhudumu wa kituo cha afya cha karibu au Hospitali ya Bombo.

Kwa anayevuta zaidi ya sigara 10 kwa siku, kipimo cha kawaida cha plasta ni miligramu 21 kwa wiki 6, kisha 14 kwa wiki 2, kisha 7 kwa wiki 2. Bandika asubuhi juu ya mkono au kifuani, kwenye ngozi kavu isiyo na nywele, na kila siku pahali pengine ili ngozi isiwashe. Ukijipaka mafuta ya nazi kwanza haitashika, na kwa jasho la hapa pwani itakudondokea kabla ya adhuhuri. Ikikuletea ndoto mbaya, ivue ukilala. Plasta haifunguzi: Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanazuoni, katika kikao chake cha 10, Jeddah, 1997, ilitaja vinavyopenya kupitia ngozi, zikiwemo plasta za dawa, kuwa haviharibu saumu.

Bigijii inafunguza, kwani ladha na dawa yake humezwa pamoja na mate. Kwa mtu kama wewe ni ile ya miligramu 4. Watu huitafuna kama bigijii ya dukani, wakapata kwikwi na kiungulia, kisha wakasema haifai. Itafune polepole mpaka isikike ukali kama wa pilipili, ibane kati ya fizi na shavu, ukali ukiisha tafuna tena, hivyo kwa nusu saa. Dawa inaingilia kwenye ngozi ya kinywa; ukiimeza inapotea. Usinywe kahawa wala soda dakika 15 kabla yake, uchachu wake huizuia kuingia. Ukiona huwezi mchana bila bigijii, acha zile saumu za sunna kwanza. Kuacha haramu kuna uzito zaidi.

Mwenye ugonjwa wa moyo, mjamzito, na anayetumia aminofilini ya pumu au dawa za akili kama olanzapini na klozapini, amwone daktari kwanza. Dawa hizo tatu moshi huziondosha haraka mwilini, na ukiacha moshi huzidi damuni. Mwenye kisukari anayejidunga insulini apime sukari mara nyingi zaidi wiki za mwanzo.

Usishangae kikohozi kikizidi kwa muda: vinyweleo vya njia ya hewa vilivyolemazwa na moshi vimeamka, vinafagia. Choo kikiwa kigumu, maji na papai. Na usiizibe nafasi ya sigara kwa ugoro, shisha wala tambuu yenye tumbaku. Hiyo ni kubadilisha chupa tu.

Tukija kwa mke wako: mwambie mapema kwamba wiki mbili za mwanzo utakuwa mwepesi wa hasira, na kwamba si yeye aliyekukosea. Hilo halikupi ruhusa ya kumfokea. Naye asikunuse kanzu kila ukiingia wala asikukumbushe kiapo mbele ya watoto. Alipoletwa kwa Mtume (S.A.W.) mtu aliyekunywa pombe, wengine wakamwapiza, aliwakataza wasimsaidie shetani dhidi yake.

Swali lako la mwisho, kuhusu kutangaza dhambi. Hadithi inayowatoa katika msamaha wanaodhihirisha maasi inamkusudia mtu ambaye Allah amemsitiri usiku, naye asubuhi akajifunua mwenyewe. Anayemweleza mtu mmoja ili apate njia ya kutokea hayumo humo. Imam Nawawi ameeleza kuwa hapana ubaya kumweleza sheikh wako au mfano wake kwa kutaraji akufundishe pa kutokea. Tena sigara yako ya barazani mtaa mzima unaijua, siri ipi unayoilinda?

Mchague mtu mmoja, bora aliyewahi kuvuta akaacha. Mwambie hivi: "Nimeacha tangu tarehe 13. Nikikupigia, usinihutubie, zungumza nami dakika tano tu. Nikikuomba sigara, usinipe hata nikikasirika." Wale wa barazani nao waambie maneno hayohayo ya mwisho. Ukiteleza kwa moja, mpigie siku ileile kabla ya kulala na uzitupe zilizobaki. Sigara moja haikulazimishi kumaliza pakiti. Jina lake kwenye simu liandike kwa herufi A mbele, likae juu kabisa, ulipate hata mikono ikiwa na grisi.

Wallahu aalam.