Mwongozo wa viumbe wa pwani: kwa darasa linaloanza

Mwongozo wa viumbe wa pwani husomwa na mtu aliyechuchumaa juu ya mwamba, mikono imelowa, akitaka kujua huyu aliye mbele yake ni yupi kati ya wawili wanaofanana. Madarasa mengi hulisahau hilo. Hugawana majina ya wanyama, hunakili maelezo ya intaneti, na kupata kitabu cha kupendeza kuhusu viumbe ambao ufukoni kwao hawapo. Anzeni ufukoni. Viumbe 20 mliowaona kwa macho yenu wanatosha.

Siku ya kwenda hupangwa na mwezi, si na ratiba ya shule. Maji hupwa mbali zaidi wakati wa bamvua, yaani siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama au kuwa mpevu. Wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo maji hupwa kidogo tu, ukanda wa chini kabisa hamtauona. Someni jedwali la maji, fikeni dakika 90 kabla hayajapwa kabisa, mshuke nayo taratibu, na muanze kurudi mara yanapogeuka.

Kila kundi la watu 4 libebe fremu ya mraba ya sentimita 50 kwa 50, rula, penseli na kamera. Kalamu ya wino ibaki nyumbani. Kipande cha plastiki nyeupe kilichosuguliwa kwa msasa huandikika kwa penseli hata ndani ya maji. Wekeni fremu juu, katikati na chini ya ufuko, na kila kiumbe kiandikiwe ukanda wake palepale. Mkisubiri hadi darasani, ukanda ndio wa kwanza kusahaulika, na mara nyingi ndio unaotenganisha konokono wawili wanaofanana.

Picha ziwe tatu: kutoka juu, kutoka ubavuni, na ya mahali alipokaa, rula ikionekana. Maji yakimeta, jisogeze hadi kivuli chako kifunike kidimbwi chote. Nusu jua nusu kivuli huharibu picha.

Kwa kaa, rangi msiiamini sana. Pimeni gamba mahali lilipo pana zaidi, hesabuni meno ya ukingoni kuanzia kwenye jicho, tazameni kama magando yanalingana, na kama miguu ya mwisho imebapa mithili ya kafi, dalili ya kaa muogeleaji. Kisha mpindue kidogo. Mkia uliokunjwa chini ya tumbo ukiwa mwembamba, huyo ni dume. Ukiwa mpana wa mviringo, ni jike. Wasioangalia hapo huishia kumwandikia dume ukurasa wake na jike wake, kana kwamba ni aina mbili.

Konokono mwenye kombe la umbo la koni msimguse kabisa, hata akionekana mtupu: huchoma kwa jino lenye sumu, na baadhi ya aina huua mtu. Jiwe mkilipindua, lirudisheni lilivyokuwa. La sivyo mwani wa juu hufa kwa kukosa mwanga na waliokuwa chini hukaushwa na jua. Makombe matupu nayo yaacheni, kwa kuwa kuna kaa wanaohamia humo wakikua. Kwenye ndoo awe mnyama mmoja, kivulini, dakika 5.

Ukija kuandika, “mdogo, mzuri, hupatikana baharini” haimsaidii mtu. Andika hivi: “Kimo milimita 15, mdomo wa kombe una meno kwa ndani, hujibana kwenye nyufa, juu ya mstari wa mwani.” Jina la kisayansi likiwatatiza, ishieni kwenye jenasi, yaani neno la kwanza la jina hilo, na kuongeza “sp.” (spishi haijatambuliwa), afadhali hivyo kuliko spishi ya kubahatisha.

Kabla ya kuchapa, wapeni rasimu wanafunzi wa darasa jingine, waende nayo ufukoni, nanyi mkae kimya. Wanapobishana, ukurasa huo una kasoro. Mara nyingi inakosekana sentensi moja ya “usimchanganye na…”. Kurasa zikishapigwa lamineti, zitobolewe na kufungwa kwa uzi wa nailoni. Pini za stepla hushika kutu kwa maji ya chumvi.