Kupima kaspasi-3 seli zikiwa hai
Ndugu, umeuliza kama unaweza kuiona kaspasi-3, kimeng'enya kinachokata protini seli inapojiua, ikifanya kazi bila kuzipasua seli. Inawezekana kabisa. Unganisha protini mbili zinazong'aa, ya samawati na ya njano, kwa kipande cha asidi amino nne, DEVD (kila herufi ni asidi amino moja), ambacho kaspasi-3 hukikata. Zikiwa karibu, chini ya nanomita 10, ya samawati huipa ya njano nishati yake. Kimeng'enya kikikata, zinaachana: njano inafifia, samawati inapanda. Pima uwiano wa rangi hizo, si rangi moja, maana seli hazibebi kiasi sawa cha protini hiyo.

Tafadhali usiache seli za kulinganishia, ambazo D ya mwisho (aspatati) umeigeuza A (alanini) ili kipande kisikatike. Bila hizo, asidi ikizidi ndani ya seli, njano hufifia yenyewe, nawe utadhani ni ukataji.