Wageni wa WhatsApp kuhesabiwa "Direct"

Mkuu, umeuliza kuhusu wageni wa "Direct" (waliokuja moja kwa moja) waliojaa kwenye Google Analytics, chombo cha kuhesabu wageni wa tovuti, ya duka lako la mchele wa Kyela: wengi huenda wanatoka magrupu ya WhatsApp. Linki ikibonyezwa ndani ya programu ya simu, mara nyingi haibebi taarifa ya mtu alikotoka, basi anahesabiwa kama aliyeandika anwani mwenyewe. Kabla ya kuposti linki kwenye grupu la Mbeya, ongeza mwishoni mwake maneno haya yanayoonyesha mgeni katoka wapi: ?utm_source=whatsapp&utm_medium=social&utm_campaign=mbeya, na grupu la Iringa liandikie iringa badala ya mbeya. Kama linki tayari ina alama ya ?, anza na & badala yake. Herufi ndogo tupu, maana WhatsApp na whatsapp zinakuwa vyanzo viwili. Linki za ndani ya tovuti yako usiziwekee maneno hayo, utavuruga hesabu. Ripoti kamili hukawia siku moja au mbili.